“Mume wako anasemaje?” Utafiti kuhusu maswali wanayoulizwa wanawake wanaotafuta mtaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nanunua dagaa wabichi Igombe, nawaanika, kisha nauza kwa gunia pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kazi hii nimeirithi kwa mama. Mwezi uliopita nilikwenda benki kuomba mkopo wa shilingi milioni 5 niongeze vichanja na kujenga stoo. Afisa mikopo, naye mwanamke mwenzangu, aliniuliza mume wangu anasemaje, watoto nitamwachia nani nikisafiri, na mvua ikinyesha mfululizo nitalipa na nini. Mwisho akasema mkopo unawezekana, ila nilete mdhamini mwanaume mwenye mshahara. Jirani yangu sokoni, kijana wa kiume mwenye mzunguko mdogo kuliko wangu, alikopa palepale, na yeye aliulizwa anataka biashara yake ifike wapi. Je, utafiti unasema lolote juu ya hili, au ni mimi najishuku? Wenzangu wananishauri nimtume kaka yangu akope kwa jina lake. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hujishuku hata kidogo. Na kwa kuwa la kaka yako ndilo linaloweza kukugharimu haraka, nalijibu kwanza: usimtume. Sababu zitakuja huko mbele, maana inabidi kwanza tuelewane kuhusu kilichotokea pale mezani kwa afisa.

Wewe na huyo kijana mlikwenda benki moja, mkaomba kitu kilekile, mkaulizwa mambo mawili tofauti. Yeye aliulizwa atapata nini, wewe ukaulizwa utapoteza nini. Hilo hasa ndilo mtafiti Dana Kanze na wenzake watatu walilolipima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Walichukua shindano la kampuni changa liitwalo TechCrunch Disrupt, lililokuwa likifanyika New York. Mwanzilishi anapanda jukwaani, anaeleza biashara yake kwa dakika chache, kisha wawekezaji wanamuuliza maswali hadharani, na yote yanarekodiwa. Watafiti wakakusanya rekodi za kuanzia 2010 hadi 2016, wajasiriamali 189 mbele ya wawekezaji 140, wakayapitia maswali moja baada ya jingine.

Waliyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kupata: wateja wapya utawavutaje, miaka mitano ijayo utakuwa wapi, soko hili linaweza kukua kiasi gani. La pili ni la kutopoteza: wateja ulio nao utawazuiaje wasikimbie, lini utaacha kula hasara, mshindani akija utajikingaje. Asilimia 67 ya maswali waliyoulizwa wanaume yalikuwa ya kupata. Asilimia 66 ya waliyoulizwa wanawake yalikuwa ya kutopoteza. Kisha wakafuatilia fedha. Kampuni zilizoulizwa zaidi maswali ya kupata zilikusanya wastani wa dola milioni 16.8, na zile zilizoulizwa zaidi maswali ya kutopoteza zikaishia dola milioni 2.3. Watafiti hawakutosheka na rekodi hizo peke yake. Walifanya pia jaribio ambamo maswali na majibu yalipangwa na wao wenyewe, ili tofauti za biashara zenyewe zisiingilie kati, na mwelekeo ukawa uleule.

Kinachonigusa zaidi katika kazi hii ni jinsi mtego unavyofanya kazi. Ukiulizwa kuhusu hasara, adabu inakutuma ujibu kuhusu hasara. Unaeleza namna utakavyojikinga na utakavyobana matumizi. Hakuna uongo katika hayo yote, lakini msikilizaji anaondoka na picha ya mtu anayeng'ang'ania asizame, wakati kijana aliyetangulia aliachiwa picha ya mtu anayekwenda mahali. Baadaye faili zinapolinganishwa, lako linaonekana jembamba, na hakuna anayekumbuka kwamba ni mwulizaji ndiye aliyelifanya jembamba.

Asilimia 40 ya wawekezaji wale walikuwa wanawake, nao waliuliza vilevile kama wanaume. Ndiyo maana sishangai kwamba afisa wako ni mwanamke. Sote tumekulia kwenye jamii moja, tumesikia mfanyabiashara akisifiwa kuwa hana hofu, anatoka alfajiri na kurudi usiku wa manane, na sura inayotujia ni ya mwanaume. Pale Mwaloni macho yenyewe yanaipinga picha hiyo kila asubuhi. Anayepima, anayechambua, anayefunga gunia na kuvutana bei na wanunuzi wanaotoka Kongo na Rwanda, mara nyingi ni mwanamke. Lakini muulize mtu wa katikati ya jiji akutajie mfanyabiashara mkubwa wa samaki: atakutajia mwenye mitumbwi.

Kuna utafiti wa Sweden ambao ningependa kila kamati ya mikopo hapa Mwanza iusome. Malin Malmström, Jeaneth Johansson na Joakim Wincent waliwasikiliza maafisa wa mtaji wa serikali wakijadili maombi 125, mwombaji mwenyewe akiwa hayupo. Kijana wa kiume alielezwa kuwa ni mdogo lakini ana matumaini makubwa. Wa kike akaelezwa kuwa ni mdogo, hana uzoefu. Mwanaume mwenye tahadhari alisifiwa kwa busara na utulivu, mwanamke mwenye tahadhari hiyohiyo akaambiwa ni mwoga, hathubutu. Sifa ni ileile, ila upande mmoja imekuwa faida na upande wa pili dosari. Wanawake walikataliwa katika asilimia 53 ya maombi yao, wanaume asilimia 38. Na kwa wastani wanawake walipewa asilimia 25 ya kiasi walichoomba, wanaume asilimia 52.

Utauliza, na ni haki yako kuuliza, je, pengine biashara za wanawake wale zilikuwa dhaifu kweli? Hapo ndipo majaribio yanapofaa kuliko rekodi. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks na wenzake waliwaonyesha watu video za maelezo ya biashara, picha zilezile na maneno yaleyale, ila sauti ya msimulizi ilikuwa ama ya mwanaume ama ya mwanamke. Asilimia 68 walichagua biashara iliyosimuliwa na mwanaume. Katika jaribio hilo biashara haikuweza kuwa dhaifu upande mmoja, kwa sababu ilikuwa ni ileile.

Sasa tufike kwenye kisa kinachofanana na chako kuliko vyote. J. Michelle Brock na Ralph De Haas walifanya jaribio na maafisa mikopo halisi wa benki kubwa ya Uturuki. Waliwapa mafaili ya maombi yaliyotokana na maombi ya kweli, wakibadilisha jambo moja tu: faili lilelile kwa afisa huyu lilikuwa la mwanaume, kwa yule la mwanamke. Je, wanawake walinyimwa? Hapana. Kiwango cha kukubaliwa hakikutofautiana kwa namna ya kutajika. Kilichotofautiana ni sharti. Faili likiwa la mwanamke, uwezekano wa afisa kudai mdhamini ulipanda kwa zaidi ya robo.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu, dada, na nakuomba ulishike. Tumezoea kuutafuta ubaguzi kwenye neno “hapana”. Benki ikitoa takwimu kwamba wanawake hawanyimwi zaidi ya wanaume, tunapiga makofi na kwenda nyumbani. Kumbe “hapana” ni rahisi kuonekana. Ubaguzi umejificha kwenye swali linalotangulia na sharti linalofuata. Wewe hukunyimwa mkopo. Uliambiwa “ndiyo, ila”, na hiyo “ila” ndiyo ya kupimwa, kwa sababu mwanamke asiye na kaka, shemeji wala mjomba mwenye mshahara anarudi nyumbani mikono mitupu, na katika vitabu vya benki hatahesabiwa kuwa alikataliwa. Atahesabiwa kuwa hakurudi.

Watafiti wale wa Uturuki waligundua jambo la pili ambalo wenye benki wangepaswa kulijali hata kama haki haiwashughulishi. Ubaguzi ulijikusanya zaidi kwa maafisa vijana wenye uzoefu mdogo na wenye mitazamo ya upendeleo. Tena uliangukia zaidi mikopo ambayo katika maisha halisi ililipwa vizuri. Kwa hiyo afisa anayedhani anailinda benki anaifukuzia wateja wazuri.

Sitakuficha upande wa pili. Si kila utafiti unasema mwanamke anaonewa kila hatua. Will Gornall na Ilya Strebulaev walituma barua pepe za majaribio kama 80,000 kwa wawekezaji wa Marekani, mpango wa biashara ukiwa uleule na jina la mwombaji likibadilika. Majina ya kike yalipata majibu ya kuvutiwa kwa asilimia 9 zaidi ya ya kiume. Kwenye Kickstarter, tovuti ambako watu wengi huchangia miradi kidogo kidogo, wanawake wameonekana kufanikiwa kuliko wanaume. Mimi nayasoma matokeo haya pamoja na ya kwanza bila kuona mgongano. Mlangoni unakaribishwa, pengine kwa furaha kabisa. Mambo hubadilika mkishakaa na fedha zikaanza kutajwa.

Jambo jingine la kulisema kwa uaminifu ni umbali. New York na Uturuki si Kirumba, na asilimia za huko huwezi kuzihamishia hapa kama zilivyo. Tena, utafiti wa watu wengi hauwezi kukuthibitishia kwamba afisa fulani siku fulani alikubagua. Huenda ana orodha anayomsomea kila mwombaji na kijana jirani yako hakukusimulia yote. Ninachoweza kusema ni kwamba ulichokieleza kinafuata mkondo unaojulikana, hatua kwa hatua: maswali ya hasara, maswali ya nyumbani, kisha mdhamini. Na swali la watoto utamwachia nani silioni likiwa na nafasi kwenye tathmini ya mkopo hata kidogo. Kama lina nafasi, basi na baba aulizwe.

Barani kwetu watafiti wametumia muda mwingi zaidi kwenye kile kinachotokea fedha zikishatoka, na hapo ndipo suala la kaka yako linapoingia. Kwa miaka mingi majaribio ya kuwapa wafanyabiashara wadogo mtaji yalionyesha wanaume wakipata faida na wanawake wakibaki palepale. Hata Dar es Salaam, Lars Ivar Berge na wenzake walipowafundisha biashara wateja wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, wanaume ndio walionufaika waziwazi, wanawake kidogo sana. Watu wakaanza kusema kwamba mwanamke ukimpa mtaji haukui. Kauli hiyo imefika mpaka kwenye vyumba vya mikopo na ninaamini imewaumiza wengi. Mwaka 2019 Arielle Bernhardt na wenzake walirudi kwenye takwimu za India, Sri Lanka na Ghana wakauliza swali ambalo halikuulizwa: ndani ya nyumba hiyo kuna biashara nyingine? Wakakuta kwamba mara nyingi fedha aliyopewa mke iliingia kwenye biashara ya mume. Walipopima faida ya kaya nzima, pengo kati ya wanawake na wanaume liliyeyuka. Kumbe mtaji ulikua vizuri tu, ila kwenye biashara nyingine.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, Emma Riley alifanya kazi na wanawake wapatao 3,000 waliokopa kwa shirika la BRAC. Wengine walipewa mkopo mkononi kama kawaida, wengine ukaingizwa kwenye akaunti ya simu iliyo ya mwanamke peke yake, mahsusi kwa biashara. Baada ya miezi minane waliopokea kwa simu walikuwa na faida kubwa kwa asilimia 15 na mtaji mkubwa kwa asilimia 11. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa na ndugu wagawane fedha. Mkopo ni uleule, riba ni ileile, kilichobadilika ni mkono ulioipokea fedha.

Umeona sasa kwa nini nakukataza? Kaka yako akikopa, fedha inapita kwake kwanza, na hata akiwa mwaminifu kama mtume, shida za nyumbani kwake zitaiona kabla yako. Deni litakuwa lake kisheria, hivyo siku mkikosana wewe huna karatasi. Na kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya mikopo. Ukirejesha kila mwezi bila kuchelewa, sifa inajengeka kwa jina lake. Mwakani utakapotaka milioni 15, wewe bado utakuwa mtu asiye na historia na yeye ndiye mkopaji mzuri. Utakuwa umemlipia kaka yako ngazi ya kupandia.

Sasa turudi pale benki. Wale wale kina Kanze waliona kwamba walioulizwa swali la kutopoteza wakajibu kwa lugha ya kupata walikusanya wastani wa dola milioni 7.9, ilhali waliojibu hofu kwa hofu waliishia kama dola 563,000. Swali huwezi kulichagua. Jibu ni lako.

Chukua lile la mvua, au lile ambalo najua litafuata kwa mtu wa dagaa: mbalamwezi, ambayo huzifanya taa za wavuvi zisivute dagaa kama usiku wa giza. Afisa atasema, “Siku za mbalamwezi mitumbwi haiendi, marejesho utatoa wapi?” Jibu la kujikinga ni kusema utapunguza matumizi, utakopa kwenye kikundi, Mungu atasaidia. Jaribu hivi: “Mbalamwezi ndiyo siku zangu za bei. Giza likiwa zuri dagaa ni wengi na wa rahisi, kila mtu anauza siku hiyohiyo kwa sababu hana pa kuweka. Mimi nikiwa na stoo nakausha, nahifadhi, nauza mitumbwi ikiwa imepumzika. Na mvua ndiyo inanifanya niombe vichanja. Wanaoanika mchangani mvua ikiwakuta dagaa wao wanaishia kuwa chakula cha kuku. Wa kichanja nawafunika kwa turubai wakiwa hapohapo, hawana mchanga, na mnunuzi wa Kongo anawalipia zaidi.” Kisha fungua daftari, uonyeshe ulinunua ndoo ngapi giza lililopita, ulitoa gunia ngapi, uliuza bei gani giza na bei gani mbalamwezi. Kama huna daftari hilo, anza leo, na miamala ya simu omba ichapwe. Ukiweka tarakimu mezani, afisa analazimika kuzungumzia tarakimu. Omba pia marejesho yafuate mzunguko wa giza na mbalamwezi badala ya kila wiki. Benki isiyoelewa mzunguko huo haijaielewa biashara inayotaka kuikopesha.

Nimekufundisha namna ya kujibu kwa sababu una haja ya mkopo mwezi huu. Lakini nisingependa mtu yeyote asome hapa akadhani mzigo ni wa mwanamke kujifunza kujibu vizuri. Kazi hiyo ni ya benki. Orodha moja ya maswali kwa kila mwombaji, iliyoandikwa, yenye maswali ya kukua na ya hatari kwa usawa. Sharti la mdhamini lipangwe kwa kiasi cha mkopo na dhamana iliyopo. Mara moja kwa mwaka meneja akae na mafaili ahesabu ni wanawake wangapi na wanaume wangapi walidaiwa mdhamini kwa mkopo wa ukubwa uleule. Hesabu hiyo ni ya siku moja, na sioni sababu ya benki yoyote kuikwepa.

Kuhusu sharti lako la mdhamini mwanaume, tenganisha mambo mawili. Ukiweka dhamana nyumba mnayoishi, sheria inataka mwenzi wako aridhie, na mume naye akiiweka nyumba hiyo anahitaji ridhaa ya mke. Hilo ni ulinzi kwa wote wawili, usilipinge. Lakini mdhamini awe wa jinsia fulani, hilo silijui katika sheria yoyote ya nchi hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Kwa hiyo mwulize afisa kwa upole: “Sharti hili limeandikwa wapi? Naomba nilipate kwa maandishi.” Mara nyingi sharti lisiloandikwa hulegea likiombwa kwenye karatasi. Likiandikwa kweli, peleka malalamiko kwa meneja wa tawi, na asiposikia, Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja na ina tawi hapahapa Mwanza.

Wakati ukisubiri, uliza Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, haina riba, ila ni ya vikundi. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya, hivyo fika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata upate maelekezo ya sasa. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, usiiguse. Marejesho ya kila wiki yatakukuta katikati ya mbalamwezi, na utauza gunia ulizohifadhi kwa bei ya kutupa ili tu uwalipe.

Wakikujibu kwa maandishi nitumie nakala, ufiche jina la benki na la afisa. Nitakusaidia kuisoma na kuandika barua ya kurudi.